Kisiwa Gani?

Karani mmoja wa Tabora aliweka akiba ya fedha kidogo kidogo kwa muda wa miaka sita, apate kuwapeleka jamaa zake kupumzika pwani. Hata livu yake ilipokaribia, mwezi wa Juni, akatandaza ramani mezani baada ya chakula cha jioni, akasema, "Haya, bahari tutaiona, lakini kisiwa gani? Fedha yatosha kimoja tu, wala haitapatikana nyingine upesi."

Mwanawe mkubwa akasema Mafia, maana amesoma habari za papa potwe, samaki aliye mkubwa kuliko samaki wote duniani, naye hamdhuru mtu, kwa kuwa chakula chake ni vijidudu vya baharini. Shauri lilikuwa zuri, ila potwe huonekana sana huko tangu Oktoba hata Machi, wakati wa kaskazi. Kumfuata mwezi wa Juni ni kama kwenda sokoni usiku. Kijana akanyamaza, lakini uso ulimkunjamana. Binti akataka Lamu, mji wa vichochoro ambamo punda huchukua mizigo. Lakini Lamu iko Kenya, na njia peke yake ingalikula akiba yote.

Moyo wa baba ulikuwa Unguja. Huko kuna Mji Mkongwe na milango yake ya nakshi, na msitu wa Jozani wenye kima punju, tena vyombo vya kuvukia kutoka Dar es Salaam ni vingi. Akaanza kukunja ramani, akidhani neno limekwisha.

Ndipo mama mkwe wake, aliyekuwa akichambua maharagwe karibu na mlango, akauliza, "Na Pemba je?"

Wote wakamgeukia. Bibi yule hakuwa na desturi ya kuomba kitu. Akasema kwamba marehemu baba yake alikwenda Pemba katika ujana wake kuchuma karafuu, na aliporudi nguo zake zilinukia siku nyingi. Alimsimulia jinsi matumba yachumwavyo kabla hayajafunguka, yakatengwa na makonyo kwa mikono, yakaanikwa juani juu ya majamvi mpaka yageuke rangi ya kahawia. "Aliniahidi kunipeleka nikaone. Akafa kabla."

Na kweli Pemba ndiyo nchi ya karafuu. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, lakini ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo kisiwa hicho cha vilima kikawa mbele katika zao hilo.

Karani akakaa kimya kitambo. Akasema kwa upole, "Mama, wakati wa kusi bahari ni kali, na wewe huna nguvu." Wala hakukosea kusema hivyo, wengi hutapika njia nzima.

"Baba alivuka kwa tanga, mwanangu. Mimi nitavuka kwa mashine."

Watoto wakanung'unika kidogo, mpaka walipoambiwa kwamba Pemba wako popo wakubwa wasiopatikana mahali pengine popote. Asubuhi karani akaenda kuuliza nauli ya mpaka bandari ya Mkoani. Aliporudi, alimkuta bibi amekwisha funga mzigo wake, ingawa zilikuwa zimebaki siku kumi na nane, na juu yake ameweka ndimu tano za kunusa njiani.