Kiboko Si Pembea

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa pembea tangu utotoni. Idi haikuwa Idi mpaka nipande, nipige kelele, nishuke, nipange foleni tena. Furaha ya halali ni neema.

Lakini liko nililolionea haya. Nilikwenda Basotu, Hanang, nikampeleka mwanangu ziwani kutazama viboko. Ilikuwa mchana; pua tu zilionekana. Mtoto akachoka kungoja, akatupa jiwe ili mmoja wao afunue kinywa. Nami, baba mtu, nikacheka.

Mzee wa pale akaniambia kwa upole: "Ngozi yake haistahimili jua. Ukimfukuza majini, aende wapi?"

Nikamkumbuka Owen, kiboko mchanga aliyekwama baharini Malindi, Desemba 2004, tsunami ilipopiga. Watu walimwokoa kwa nyavu, akapelekwa Haller Park, Mombasa, akamwandama kobe mkongwe aitwaye Mzee. Wageni walifurahi kuwatazama. Lakini hakuokolewa ili wao wafurahi.

Huko Marekani, SeaWorld ya Orlando, watu hupanda vigari vinavyobiringika angani, na papo hapo huuguzwa wanyama jamaa ya nguva waliojeruhiwa. Mambo hayo mawili yaweza kukaa pamoja, mradi tusiyachanganye.

Pembea ni chuma, haina roho, isukume utakavyo. Kiboko ana roho, na Mola wake anamwona. Je, msomaji, mwanao akiokota jiwe, nawe utacheka?