Mali ya Mjerumani na Mashimo Tunayoyaacha

Katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Murungu wilayani Kibondo, si rahisi kumpata mtu mzima asiyewahi kusikia habari za mali ya Mjerumani. Husimuliwa kwamba Wajerumani walipokimbia mwaka 1916 walifukia dhahabu na rupia, wakaacha alama kwenye miamba ili warudi kuzichukua. Kwa imani hiyo, vijana huuza mbuzi na baiskeli wamlipe mganga au mwenye mashine ya kupimia madini, kisha huchimba usiku. Mahali pengine nchini hata nguzo za wapima ardhi zimeng'olewa kwa kudhaniwa kuwa alama za hazina.

Uvumi huu una mzizi, na ni haki kuutaja. Mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye sura ya tembo na mlima nyuma yake. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, na sarafu zote zilikuwa takriban 16,000. Ni kweli pia kwamba walificha kitu wakikusudia kukirudia. Julai mwaka huo, majeshi ya Wabelgiji yalipoikaribia Kigoma, mafundi waliipaka grisi mitambo ya meli ya Graf von Götzen, kisha wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba.

Tukizitazama habari hizo mbili pamoja, tunaona jambo moja. Kilichofichwa kwa uangalifu ni mitambo. Dhahabu ilifuliwa sarafu kwa sababu jeshi lilihitaji fedha ya kutumia, na fedha ya kutumia haifukiwi kilimani. Anayechimba kwa kufuata ramani ya mganga anatafuta kitu ambacho hata mantiki ya vita yenyewe inakikana.

Hata hivyo, ardhi yetu si tupu. Kijana mmoja niliyewahi kumfundisha alinitumia picha ya ganda nene la risasi lililotoka shambani kwao, akaniuliza: "Mwalimu, shikamoo. Hiki kinaweza kuuzwa shilingi ngapi?" Nami nikamwuliza: lilikuwa kina gani? Lilikuwa peke yake au na mengine? Yalielekea upande gani? Hakuwa na jibu, kwa kuwa mengine yalikwisha kuchanganywa na majembe mabovu katika gunia la mnunuzi wa vyuma chakavu.

Maswali yale hayakuwa ya kumtatiza. Askari wengi wa Kijerumani walianza vita wakiwa na bunduki za muundo wa mwaka 1871, ambazo moshi wake mzito uliwafichua mbele ya adui. Maganda yakikutwa yamepangana mahali pamoja, mtaalamu husoma waliposimama wafyatuaji na walikoelekea. Yakishatolewa bila kumbukumbu, ushahidi huo haurudi tena, na shaba iliyobaki huuzwa kwa kilo.

Sheria nayo inatuacha njia panda. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Ganda la mwaka 1916 liko nje ya mstari huo, isipokuwa waziri mwenye dhamana akitangaza vinginevyo. Vita vilivyoigeuza nchi hii kutoka mikono ya Mjerumani, na Buha kuwa chini ya Wabelgiji hadi mwaka 1921, kwa kipimo hicho bado ni vichanga mno kulindwa.

Kuna na hatari ya roho za watu. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, jirani zetu wa kaskazini, bomu la kutupa kwa mkono lililookotwa na mtoto lililipuka na kuua wanafunzi. Ukanda huu umepakana na vita vya nchi jirani kwa miongo mingi. Anayepiga sururu gizani hawezi kujua kama anagonga kasha la rupia au baruti.

Zaidi ya vyuma, wapo watu. Upande wa Wabelgiji peke yao uliwatumia wapagazi zaidi ya laki mbili. Upande wa Waingereza, kikosi cha wapagazi ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo. Wengi walikufa kwa njaa na kuhara, wakazikwa kando ya njia bila jiwe wala jina. Wajukuu wa waliorudi wangali hai katika vijiji vyetu, nao hawahitaji mashine ili watuambie njia ilipita wapi na nani hakurejea.

Napendekeza mambo matatu. Bunge liutazame upya mwaka 1863. Halmashauri za Kasulu na Kibondo ziwe na daftari ambamo mwananchi ataandikisha alichokiona bila kuogopa kunyang'anywa shamba, na polisi waitwe kabla kitu cha kutiliwa shaka hakijaguswa. Na sisi wa vyuo vikuu tuwapeleke wanafunzi wa historia kwa wazee hao mapema, kwa maana ushahidi wao hauwezi kusubiri miaka mingine mia moja kama ulivyosubiri wa chini ya ardhi.