Nani Mwenye Haki ya Kuzika?

Kila nipandapo matatu hapa Karen kwenda Ngong, huikumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno, kwani shamba lake la Upper Matasia liko upande huo. Alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Matasia. Ukoo wa Umira Kager ukashikilia Nyalgunga, Siaya. Kesi ikaendelea, maiti ikangoja siku 154.

Ndani ya matatu tulikwisha hukumu kabla ya mahakama: ama Wambui ni mkaidi, ama ukoo ni washamba. Basi!

Wanafunzi nao hufanya hivyo wasomapo Antigone, tamthilia ya Sophocles. Binti anamzika kaka yake aliyekatazwa kuzikwa, na mfalme Creon anaitwa shetani. Lakini, msomaji, marehemu yule alikuwa ameushambulia mji wake mwenyewe! Creon alikuwa na hoja. Kilichomponza ni kukataa kusikiliza, hata mwanawe Haemon alipomsihi.

Wambui alikuwa na ndoa ya kiserikali ya 1963. Nduguye marehemu, Joash Ochieng' Ougo, alikuwa na mila ya mababu. Ukoo ulishinda. Mei 23, 1987, Otieno alizikwa Nyalgunga, na Wambui hakuhudhuria.