Ngoma Inayotaja Jina

Katika sinema Black Panther ya mwaka 2018, ngoma yatamka jina la mfalme: T'Challa! Mtungaji wa muziki huo, Ludwig Göransson wa Uswidi, alikwenda Senegal, akafuatana na mwimbaji Baaba Maal, akaisikiliza tama, ngoma isemayo.

Basi adui wa mfalme, Killmonger, alipewa filimbi ya Wafulani, ikachanganywa na midundo ya Marekani alikokulia. Ukiisikia wamtambua: ni binamu ya mfalme, mtoto aliyeachwa ugenini. Hasira yake ina kwao.

Hapa Mushaki, ambako vita vilifika Februari 2023, jambo hilo lanigusa. Adui twamjua kwa mlio wa bunduki tu. Lakini naye ana filimbi yake. Nani ataisikiliza?