King'amuzi na Mlango Usiobishwa Hodi



Baada ya darsa ya akina mama huku Kangemi, bibi mmoja alibaki nyuma mpaka wenzake walipokwisha kuvaa viatu. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sheikh, baba watoto amemlipa fundi wa mjini, na sasa chaneli zote zilizofungwa zafunguka kwetu bila ya kuilipa kampuni. Na mimi humo humo huangalia sala ya Makka. Je, yafaa?"

Nilimwomba wiki moja nitazame vitabu. Udhuru ule ulikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba king'amuzi cha namna ile ile kilikuwa chini ya televisheni yangu kwa muda wa miezi 11.

Nilikinunua Luthuli Avenue, barabara ya wauza redio na televisheni katikati ya Nairobi. Siku hiyo niliswali adhuhuri Msikiti wa Jamia, kisha nikaenda kwa miguu nikavuka Moi Avenue na Tom Mboya. Kijana wa dukani akaniambia: "Hiki, sheikh, walipa kidogo tu kwa mwezi, na mpira wote wauona." Sikumuuliza amepata wapi ruhusa ya kuuza kitu cha mwingine kwa bei ya chini hivyo. Wanangu walikuwa wamenichosha kwa habari za mpira, na bei ilinipendeza. Mtu huwa mzito wa kuuliza pale anapolihofu jibu.

Wiki ile nilimwendea fundi mmoja mzee, nikamtaka anieleze mambo yalivyo. Chaneli ya kulipia, alisema, hurushwa kutoka kwenye setilaiti ikiwa imefumbwa. Ufunguo wa kuifumbua hubadilika kila baada ya sekunde chache, na kadi iliyomo katika king'amuzi cha mteja ndiyo iliyopewa idhini ya kuutoa. Wajanja huchukua kadi moja iliyolipiwa, wakaitia katika mtambo wao, na funguo zake wakazigawa kwa intaneti katika mamia ya nyumba. Kila nyumba humlipa mjanja, na mwenye matangazo hulipwa kadi moja tu.

Nikaikumbuka Suratun-Nur, aya ya 27, inayotufunza tusiingie nyumba isiyo yetu mpaka tubishe hodi na kuwasalimu wenyewe. Nyumba ile mwenyewe alikuwa amefunga mlango, tena kwa kufuli, nami niliingia na wanangu usiku baada ya usiku.

Wako wasemao kwamba picha hupita angani, na anga ni ya Mwenyezi Mungu. Ndugu zangu wa pwani, mvua nayo hutoka mbinguni. Lakini maji yakishaingia birika la mtu, hayatekwi ila kwa idhini yake. Wengine husema kampuni zile ni tajiri, wala wenyewe si Waislamu. Hao nawakumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alipohama Makka alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili awarejeshee watu amana zao, na waliokuwa wakimfanyia uadui walikuwa miongoni mwao.

Vitabu nilivitazama kweli. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba jina la biashara, haki ya utunzi na haki ya uvumbuzi ni mali ya wenyewe kisharia, na haijuzu kuzidhulumu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo huyalinda matangazo na kukataza kuzivunja kinga zake.

Lakini lililonitia haya zaidi ni jambo dogo. Matangazo ya Msikiti Mtukufu wa Makka, na ya Msikiti wa Mtume Madina, hurushwa wazi, bila kufumbwa. Dishi lililoelekezwa sawasawa na king'amuzi cha kawaida vyatosha kuyapata bila malipo ya mwezi. Kilicho cha kutukumbusha Mola wetu kimeachwa wazi kwa kila mtu, na kufuli tuliyoivunja ilikuwa ya mchezo.

Nikawakalisha wanangu na mama yao, nikawaambia kwamba mimi baba yao ndimi niliyekosa. Kijana wangu mkubwa akauliza: "Sasa Abu, na ile tuliyokwisha kuiona?" Swali lake lilinishinda ustadi wote wa darsani. Haki ya mja haiondoki kwa istighfari peke yake, yataka kurejeshwa. Basi tukajiandikisha kwa njia ya halali katika kampuni ile ile, nasi tukakubaliana kulipa miezi 11 bila ya kuwasha. Twaendelea kulipa, na mtoto mdogo bado hunung'unika siku za mechi.

Wiki iliyofuata nilimjibu yule bibi mbele ya wenzake, bila ya kumtaja yeye, na nikajitaja mimi. Nilisema kwamba mke hana dhambi kwa kitu kilichofungwa nyumbani bila ya amri yake, lakini asiitumie haramu aijuayo. Amnasihi mumewe kwa upole, faraghani, tena wakati wa utulivu, wala si mbele ya watoto wala timu yake inapocheza. Sala ya Makka aitafutie njia yake iliyo wazi.

Walipokuwa wakitoka, akanikaribia tena. "Sheikh," akasema, "nitamwambia kwamba hata wewe ulikuwa nacho. Hilo atalisikia."

Nikamwambia amwambie.

Mwenyezi Mungu atutakasie macho yetu na mali zetu, na asitufanye miongoni mwa wanaowafundisha watu wema na kujisahau nafsi zao. Wabillahi tawfiq.