Nyumba Isiyosikia Mvua

Nyumba ya kwanza niliyojenga maishani ilikuwa na bati lisilosikia mvua. Niliijenga mwaka 2008, Bunda mjini, kwenye kompyuta ya steshenari ya mjomba, usiku akishamaliza kuchapa na kutoa kopi za watu. Gemu ilikuwa Morrowind ya 2002. Toleo lake la kompyuta lilikuja na programu ya kujengea, na hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Nilitaka nyumba ya bibi: vyumba viwili, mlango wa mbele unaotazama milima ya Balili, wa nyuma unaotokea uani. Kumbe kwenye gemu hiyo, ndani na nje ni dunia mbili. Nje unaweka ganda la nyumba, tupu. Vyumba unavijenga pengine kabisa, visivyo na mbingu. Kisha unauagiza mlango umrushe mchezaji hadi mlango wa pili, na unaweka alama ya mahali atakaposimama na upande atakaoelekea. Alama yangu ya kwanza niliigeuza vibaya. Kila aliyetoka alijikuta ameukodolea macho ukuta. Na vyumba vikalizidi ganda. Nilivipima kwa kumbukumbu za utotoni, na utotoni kila sebule ni kubwa.

Bibi alipopita dukani nikamwonyesha. Mvua ya gemu ilikuwa inanyesha. Nikafungua mlango, skrini ikaganda kidogo, tukawa ndani. Akatega sikio.

“Mjukuu wangu, mvua imekatika?”

“Hapana, Bibi. Huku ndani haifiki.”

“Sasa nitajuaje niuanue udaga?”

Sikuwa na jibu. Kwake jiko lilikuwa nje, udaga wa mihogo ulianikwa nje, na hali ya uani aliijua kwa masikio akiwa kitandani. Tuwe wa haki: kompyuta za wakati ule zingelemewa kuchora milima na chumba kwa pamoja. Duke Nukem 3D ya 1996 ilikuruhusu utoke mtaani uingie sinema bila kusubiri, ila mtaa wenyewe ulikuwa wa hatua chache.

Niliirudia nyumba ile Godot 3.4 ilipotoka, mwaka 2021. Programu hii ya kutengenezea gemu ni ya bure, na toleo hilo lilileta vyumba na malango: kwenye uwazi wa mlango unaweka bamba lisiloonekana, na kompyuta inachora ng’ambo kile tu kinachoonekana kupitia hapo. Ganda na vyumba vikawa kitu kimoja. Sebule ikabidi niipunguze. Nikasimama chumbani nikaiona Balili kupitia mlangoni, na mawe yake. Bibi alikuwa ameshafariki.

Godot 4 ikaja 2023 na kuyaondoa malango. Nilinung’unika, maana nilikuwa nimeyapachika hadi mlango wa choo. Sasa ukuta wenyewe ndio unaoambiwa ufiche kilicho nyuma yake, na mlango unaachwa wazi tu.

Sauti nimeipanga mwenyewe: ukiingia ndani mvua haikatiki, inahamia juu ya bati. Uani nimetandika mkeka, juu yake udaga. Msimbo wa kuuanua bado sijauandika.