Kuuza Motokaa Iliyopambwa

Kila apambaye kitu hukipamba kwa macho yake mwenyewe. Mnunuzi huja na macho mengine. Jambo hili lilimpata kijana mmoja wa Nansio, kisiwani Ukerewe, alipotaka kuuza Subaru Impreza yake apate mtaji wa mashua na nyavu.

Motokaa hiyo ilitoka Japani, kama zilivyo nyingi katika barabara za Tanzania. Wajapani, kama Watanzania, huendesha upande wa kushoto, na usukani wao uko kulia. Tena kwao gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, na tangu hapo kila miaka 2, kwa gharama isiyo ndogo. Basi wengi huona afadhali kuliuza lingali zima. Na Impreza ina fahari ya ziada: ilishinda mbio za Safari nchini Kenya mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae, na mwaka 2000 mikononi mwa Richard Burns. Vijana wa Afrika Mashariki hawakuhitaji tangazo jingine.

Kijana hakuridhika na fahari aliyoikuta. Aliuza springi za asili akatia fupi ili gari liiname, akafunga bomba la moshi pana lenye ngurumo, akaongeza nguvu ya tabo, yaani kile kipepeo kizungushwacho na moshi ambacho husukuma hewa ndani ya injini. Mbio zikazidi. Lakini mbio za kwenda wapi? Njia nyingi za kisiwani ni za udongo, na kila alipopanda kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya, tumbo la gari lilikwaruza chuma, abiria wakageuza shingo. Kugeuziwa shingo kuna raha yake, ila hakuna bei sokoni.

Mnunuzi wa kwanza, mwalimu, alipiga magoti akachungulia chini. Alihesabu gharama ya kurudisha springi za asili, akaitoa katika bei. Muuzaji alikuwa amehesabu gharama ya zile fupi, akaiongeza. Springi zilezile mmoja aliziona mali, mwenzake aliziona deni.

Hayo yalikuwa ya kuonekana. La kufichika lilikuwa zito zaidi. Tabo ikisukuma hewa kupita kiasi, na petroli isiwe ya daraja itakiwayo, mafuta hulipuka kabla ya wakati wake, injini hugonga, na pistoni huweza kupasuka. Injini hii ilikwisha kuanza kugonga, ila ilipopata moto na kupanda kilima tu. Dalali akashauri wateja waonyeshwe gari likiwa baridi, lizungushwe kidogo penye tambarare, basi. Kwani nani angeuliza? Lakini Nansio si mji wa kumkimbia mtu: aliyeuza na aliyenunua hukutana gatini, sokoni na msibani.

Mnunuzi wa tatu alikuwa mzee mfanyabiashara wa dagaa. Kijana alimwamkia, kisha akasema, "Mzee, tuzunguke nalo kwanza lipate moto, halafu tupande kilima."

Kilimani injini ikagonga. Mzee akauliza, akaelezwa yote pasipo kupunguza neno. Dalali alitazama pembeni kama mtu aliyefiwa. Bei iliyopatikana ilitosha nyavu, mashua ikangoja. Mkataba ulipokwisha kutiwa saini na kadi ya gari kukabidhiwa, mzee aliomba jambo moja tu: lile bomba liondolewe, maana yeye hutoka nyumbani alfajiri na jirani zake wamelala.